Kazi ya Mwalimu wa Wazazi

Kila msomaji wetu anaijua kazi ya mwalimu wa shule. Lakini yuko mwalimu wa namna nyingine, ambaye darasa lake ni uani, wanafunzi wake ni watu wazima wenye nyumba zao, wala hana kengele wala ubao. Huyo ndiye mwalimu wa wazazi. Katika nchi nyingi siku hizi ameingizwa katika kazi za ustawi wa jamii, naye huenda nyumba kwa nyumba, au hukutana na wazazi kikundi kwa kikundi, akazungumza nao habari za kulea watoto. Katika somo hili twataka kueleza kazi hiyo hufanywaje, na ni mahali gani inapokuwa ngumu, maana huenda kesho mtu wa namna hiyo akapiga hodi kijijini kwenu, au mkaombwa nyinyi wenyewe mchague mtu wa kuifanya.

Neno la kwanza linalosemwa juu ya kazi hii ni kwamba haina haja. “Tangu lini mzazi akafundishwa kulea? Mama zetu walitulea bila daftari la mtu.” Neno hili halifai kudharauliwa, kwa kuwa lina heshima ya wazee ndani yake. Lakini tukilitazama vizuri twaona kwamba mama zetu walifundishwa, tena sana. Pwani, msichana alikuwa na somo wake. Na alipojifungua alikaa arobaini akiwa na mama yake au mkunga, akaonyeshwa namna ya kumshika mtoto, kumwosha, kumkanda na kumbembeleza. Bara nako bibi alikuwa nyumba ya pili, na dada na shangazi hawakuwa mbali. Mafundisho yalikuwapo, ila hayakuitwa mafundisho. Siku hizi binti wa Songea huolewa Dar es Salaam, akazaa katika chumba cha kupanga, majirani zake ni watu wa juzi, na mama yake yuko mwendo wa siku nzima kwa basi. Simu anayo, na kwa simu atasikia sauti ya mama yake. Lakini nani atamwonyesha kwa mikono? Hapo ndipo mwalimu wa wazazi anapopata nafasi, naye akija asijione kwamba amekuja kumwondoa bibi.

Serikali ya Tanzania ililitia jambo hili katika mipango yake. Mwezi wa Disemba 2021 ilianzishwa programu ya taifa ya miaka mitano ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, yaani mtoto tangu mimba hata miaka minane. Programu hiyo ilitaja mambo matano: afya, chakula cha kutosha, ulinzi, kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio. Manne ya kwanza hayahitaji maelezo mengi. Hili la mwisho ndilo geni masikioni, nalo maana yake ni nyepesi: mtoto akilia, akicheka, akinyosha kidole, mtu mzima amjibu. Mtoto wa miezi sita atoapo sauti na mama akamrudishia sauti, hayo ni mazungumzo, na akili ya mtoto hukua kwa mazungumzo ya namna hiyo kama mwili unavyokua kwa uji.

Msomaji atauliza, nani ameyahakikisha haya? Hapa hatuna budi kuvuka bahari mpaka kisiwa cha Jamaika, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikojaribiwa kwa uangalifu, na habari zake zikafuatwa kwa miaka mingi. Katika mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya maskini ya mji wa Kingston, daktari mmoja mwanamke jina lake Sally Grantham-McGregor pamoja na wenzake walikusanya watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 mpaka 24. Waligawanywa mafungu manne. Fungu moja lilipewa maziwa ya unga, kilo moja kila juma. Fungu la pili halikupewa maziwa, lakini kila juma mwanamke mmoja mhudumu wa afya alifika nyumbani kwa muda wa saa moja, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake. Fungu la tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata hata moja. Hivyo ilikuwa kwa miaka miwili.

Wale wahudumu hawakuwa madaktari wala walimu wenye vyeti vikubwa. Walikuwa wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi kwa muda mfupi. Vitu vya kuchezea walivyobeba vilitengenezwa kwa takataka safi za nyumbani, chupa za plastiki na maboksi. Waliviacha kwa mama juma zima, na walipokuja tena wakavichukua na kuacha vingine.

Miaka miwili ilipokwisha, watoto wa maziwa na watoto wa michezo wote walikuwa mbele ya wale wasiopata kitu, na waliopata yote mawili walikuwa mbele zaidi. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa njema lakini ndogo. Ila wenye kazi waliendelea kuwafuata watoto wale. Faida ya maziwa kwa akili ilififia kadiri miaka ilivyopita. Faida ya michezo ilibaki. Walipofika umri wa miaka 22, wale waliochezewa utotoni walikuwa wamesoma zaidi, na habari za kupigana na kuumiza watu zilikuwa chache kwao. Tena katika mwaka 2014 ilitangazwa kwamba mapato yao ya kazi yalizidi ya wenzao kwa asilimia 25, hata wakalingana na vijana wa mitaa ileile ambao hawakudumaa tangu mwanzo. Mtu asisome hapa kwamba chakula si kitu. Mtoto mwenye njaa hachezi. Tunalosema ni kwamba saa moja kwa juma, na mwanasesere wa matambara, zilifanya kazi ambayo maziwa peke yake hayakuifanya.

Sasa tuingie ndani ya hiyo saa moja, maana watu wengi wanaosikia habari hizi hudhani mwalimu huja kutoa hotuba. Hotuba haimo kabisa. Mwalimu hupiga hodi, hukaribishwa, huketi palepale watu wanapoketi, ikiwa ni mkeka basi ni mkeka. Huuliza habari za nyumba kabla ya habari za kazi. Kisha huuliza juu ya mchezo wa juma lililopita: je, mlipata nafasi? Mtoto alifanya nini? Mama akisema hakupata nafasi kwa sababu ya palizi, mwalimu haguni. Hutoa kitu kipya mfukoni. Kwa mtoto wa miezi tisa aweza kuficha kijiko chini ya kitambaa ili mtoto akitafute. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu huleta vipande vya mbao vya kupanga kimoja juu ya kingine. Kwa wa miaka miwili ni picha, au vifuniko vikubwa na vidogo vya kutenga. Huonyesha mara moja tu. Halafu humpa mama kile kitu mkononi.

Hapo ndipo penyewe. Mwalimu mpya, hasa kijana anayependa watoto, hushindwa mahali hapa. Yeye hucheza na mtoto mwenyewe, mtoto hufurahi sana, mama hukaa kando akitazama kama mtu aliyekuja sinema, na wote huona siku imekuwa njema. Kumbe mtoto amejifunza kwamba mgeni ni hodari, na mama amejifunza kwamba yeye si hodari. Mgeni atarudi baada ya siku saba. Mama yupo siku zote. Kwa hiyo mwalimu aliyeiva humwacha mama acheze, hata akikosea kidogo, naye hukaa akitazama ili apate la kusifu. Husifu jambo lenyewe lililofanyika: “Umeona, Mama, ulivyomngoja mpaka akakishika mwenyewe?” Sifa ya jumla kama “vizuri sana” haina maana, kwa kuwa mama hajui ni lipi alilolifanya vizuri. Wako wanawake ambao tangu waolewe hawajapata kusikia mtu akisifu malezi yao. Husikia makosa tu, kutoka kwa mawifi, zahanati, na kwa mwalimu wa shule.

Baadaye mwalimu na mama hutafuta pamoja nafasi ndani ya kazi za siku. Mama akiosha vyombo, amtajie mtoto sufuria na sahani. Akianua nguo, mtoto atafute ya baba na yake. Akichambua mchele, azungumze. Mwalimu asiongeze kazi mpya juu ya kichwa chenye ndoo. Mwisho huacha kile kitu cha kuchezea, huandika katika daftari lake tarehe, mchezo, na jambo moja alilolisifu, kisha huaga.

Wengine watasema haya ni mambo ya wanawake. Sisi hatukubali. Baba akiwa yupo nyumbani, mwalimu amwombe aketi naye, wala asimpe kazi ya kutazama. Wako akina baba ambao hawamshiki mtoto mdogo kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba sauti yao nayo inahitajiwa. Saa ya kufika nayo ina maana: mwalimu ajaye saa nne asubuhi kila juma hatamwona baba hata mwaka uishe, na hapo asiseme kwamba baba hajali.

Watoto wakubwa wana mambo yao. Kwao mwalimu wa wazazi huwakusanya wazazi pamoja na vijana, nao huzungumza juu ya hasira, fedha za nyumbani, usalama wa njiani, na adhabu. Juu ya adhabu maneno huwa makali, maana kiboko kina watetezi wengi, na wengi wao ni watu wema. Mwalimu asianze kwa kuwaita wakatili. Aulize: kijana alipigwa kwa kosa gani? Amelirudia? Wapigaji wengi hujibu wenyewe kwamba amelirudia. Ndipo huja mazungumzo ya kanuni zinazojulikana kabla ya kosa, ya kumnyima kijana jambo alipendalo kwa muda mfupi, na ya mzazi kuondoka uani kwanza mpaka damu itulie. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, ya mwaka 2009, ilikataza adhabu isiyo na kiasi kwa umri na hali ya mtoto, na ikasema pia kwamba adhabu haina haki kwa mtoto asiyeweza kuelewa maana yake kwa ajili ya uchanga. Basi mtoto wa mwaka mmoja aliyemwaga maji amepigwa kwa lipi? Na haja ya mazungumzo haya si ya kubuni. Uchunguzi uliofanywa nchini katika mwaka 2009, ukatangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa kabla ya kutimia miaka 18; na karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wametendewa mabaya ya kijinsia.

Huko Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, vikundi kama hivi vilijaribiwa katika vijiji na vitongoji 40, familia 552, kwa mikutano 14 ya kila juma. Walezi walipoulizwa miezi kadhaa baadaye, walisema wamepunguza sana kuwapiga na kuwatukana watoto. Walisema pia fedha zao zinapangwa vizuri zaidi. Lakini vijana wenyewe walipoulizwa juu ya kupigwa, tofauti haikuonekana wazi. Jambo hili lilitangazwa bila kufichwa katika mwaka 2018, nasi tunalisifu, kwa kuwa linamfundisha mwalimu wa wazazi jambo ambalo asingelipata kwa mzazi peke yake: asidhani nyumba imetengenea kwa sababu mwenye nyumba amesema hivyo. Naye mtoto ana la kusema.

Hili latufikisha mahali pagumu kuliko pote. Tuseme mwalimu ameizoea nyumba moja kwa miezi minne. Mama humkaribisha kwa furaha, mtoto wake mdogo ameanza kutamka maneno. Siku moja mwalimu amwona mtoto mwingine wa nyumba hiyo, yatima wa miaka sita aliyeletwa kulelewa, ana makovu mabichi mikononi, na kila mtu wa nyumbani anatoa habari yake juu ya makovu hayo. Mwalimu afanye nini? Akisema, mlango utafungwa, na yule mdogo atakosa mafundisho. Tena mtaani watasema huyu ni mpelelezi, na milango mingine kumi itafungwa pamoja na huo. Asiposema, yule yatima atabaki palepale.

Sheria haikuacha jambo hili kwa huruma ya mtu. Ile Sheria ya Mtoto humpa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzipeleka kwa serikali ya mtaa au kijiji. Kwa hiyo mwalimu hana ruhusa ya kunyamaza, naye anyamazaye kwa ajili ya kulinda urafiki amewafundisha watu wa nyumba ile kwamba urafiki wake hununuliwa kwa chai. Lakini namna ya kusema ina mafundisho yake. Kwanza, jambo hili lisiwe geni kwa mama. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya mchezo wowote, mwalimu amwambie wazi: “Mambo ya nyumba hii sitayatoa nje, isipokuwa nikiona mtoto yumo hatarini, hapo sitaweza kunyamaza, na wewe utajua.” Mama aliyeambiwa hivyo mapema aweza kukasirika, lakini hatasema amesalitiwa.

Pili, mwalimu asijifanye askari. Asimhoji mtoto maswali mengi, asimpige picha, asiulize kwa majirani. Aandike alichokiona, tarehe, na maneno ya mtoto kama mtoto alivyoyasema, kisha siku ileile amwone afisa ustawi wa jamii. Ikiwa hatari iko sasa hivi, liko Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na iko namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, isiyolipiwa. Tena apime vizuri kati ya ukatili na umaskini. Sheria yenyewe imetaja mzazi ambaye anao uwezo lakini akataa au apuuza kumpa mtoto chakula na malazi. Mama ambaye hana unga hakukataa. Huyo aandikiwe msaada, asiandikiwe mashtaka.

Na neno kwa viongozi wa vijiji. Mashauri ya namna hii yakimalizwa barazani kwa faini ya mbuzi, mbuzi huliwa na wazee, na mtoto hurudi nyumba ileile jioni. Kupatanisha ndugu juu ya mpaka wa shamba ni kazi njema ya wazee. Mtoto aliyeunguzwa si mpaka wa shamba.

Mwalimu akishapeleka habari, je, arudi katika nyumba ile? Twaona kwamba akiruhusiwa na afisa, arudi. Mara nyingi anayepiga naye hupigwa, au amelemewa na deni, au na pombe ya mtu mwingine, na baada ya hayo kujulikana ndipo anapohitaji mtu wa kuketi naye mkekani. Wengine watamfungulia mlango, wengine hawatamfungulia.

Tusiwafiche wasomaji kwamba kazi hii ina mpaka. Huko Kolombia walifuata njia ya Jamaika katika manispaa 96, kwa watoto 1,420, wakawatumia akina mama wa mahali hapohapo kwa miezi 18. Mwisho wa miezi hiyo watoto walionekana wameendelea. Miaka miwili baadaye, walipopimwa tena, tofauti ilikuwa imetoweka. Kwa nini Kingston ilibaki na Kolombia ikatoweka, wenye elimu wanajadiliana. Sisi twaona inatosha kumtahadharisha yeyote anayedhani ataitembelea nyumba kwa mwaka mmoja na nusu kisha aende zake kwa amani. Mtoto akiacha kuzungumziwa nyumbani, kisha akapelekwa katika darasa la watoto mia, atabaki na nini?

Basi kijiji kikiombwa kumchagua mtu, kisitazame cheti kwanza. Achaguliwe mtu anayesoma na kuandika, anayejua kunyamaza wakati mwingine anaposema, ambaye jina lake halitajwi katika masengenyo ya kisimani, na ambaye mama maskini hataona haya kumkaribisha katika nyumba isiyo na kiti. Asipewe nyumba nyingi kupita anazoweza kuzifikia kila juma kwa miguu au baiskeli. Awe na mkubwa wa kazi anayefuatana naye mara kwa mara kumtazama akifanya kazi, maana kusoma daftari lake ofisini hakutoshi. Na alipwe kwa wakati, kwa sababu aliyekosa mshahara miezi mitatu atakwenda kulima, na hatuwezi kumlaumu.

Walimu wa shule nao wana njia ya kusaidia. Vitu vya kuchezea vya miezi ya kwanza vyaweza kutengenezwa na watoto wa darasa la nne: maboksi, chupa za plastiki, vipande vya kanga kuukuu, vibao vilivyosuguliwa kwa msasa. Mwalimu wa darasa akague kila kimoja kabla hakijatoka, ncha zisiwe kali, wala kisiwepo kitu kidogo ambacho mtoto wa miezi tisa aweza kukimeza.